Moyo, Ubongo na Orodha ya Machapisho: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Tanga

Watu wa Ngamiani, Chumbageni, Muheza na Korogwe huniletea karatasi au picha kwenye simu. Aghlabu ni wasifu wa daktari wa ng'ambo ulioandikwa kwamba ana makala mia mbili na zaidi kuhusu moyo na ugonjwa wa Alzheimer, na swali huwa moja: tumwamini? Nimefanya kazi ya madodoso na kumbukumbu za utafiti kwa miaka mingi, na nimemuuguza mama yangu mzazi mpaka akafika mahali pa kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Kwa hiyo siyajibu maswali haya kwa mbali. Majibu haya nimeyaandika ili asiyeweza kunifikia naye ayapate.

Daktari wa moyo anatafuta nini kwenye ugonjwa wa kusahau?

Anaifuata damu. Ubongo hauna ghala la kujiwekea akiba. Kila dakika unategemea kinachosukumwa na moyo, na presha inayokakamaza mishipa ya kifuani haiiachi ya kichwani.

Jambo hili lilionekana tangu siku ya kwanza. Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kumshuku mumewe. Mama huyo alifariki 1906. Alzheimer akauchunguza ubongo wake, na Novemba ya mwaka huohuo akawasimulia madaktari wenzake mjini Tübingen alichokiona. Taarifa fupi ikachapishwa 1907. Wengi wanaijua kwa sababu ya yale madoa na nyuzi zilizosokotana alizoziona kwa hadubini. Lakini humo humo aliandika pia kwamba mishipa mikubwa ya ubongo ilikuwa imekakamaa. Kwa hiyo habari ya mishipa imo ndani ya makala ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu, na mimi kila nikiisoma hunishangaza jinsi ilivyosahaulika kwa muda mrefu.

Kiungo cha pili ni protini iitwayo apolipoprotini E, kwa kifupi apoE. Mwilini ni kama mchukuzi wa bandarini: hubeba mafuta na kolesteroli kutoka pale yalipo mpaka yanapohitajika. Watu wa moyo waliichunguza kwanza kwa sababu ya kolesteroli ya damu. Kisha 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakaonyesha kwamba aina moja ya jeni ya protini hiyo, E4, hukutwa zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer wa uzeeni. Kumbe mchukuzi anayefanya kazi kwenye damu yuko kazini ubongoni pia. Tangu hapo, mtu aliyekuwa ameshika apoE kwa ajili ya moyo alijikuta ana ufunguo wa nyumba ya jirani.

Kuna mfano wa mtafiti ambaye orodha yake inaonyesha safari hiyo?

Upo, na ndio ninaopenda kuutumia kufundishia: Robert Mahley, daktari na mtafiti wa Marekani. Mwaka 1979 alianzisha taasisi ya Gladstone mjini San Francisco, wakati huo ikiwa ni ya magonjwa ya moyo na mishipa. Makala zake za mwanzo ni za mafuta ya damu: protini gani hubeba kolesteroli, inashikwaje na seli, na kwa nini watu wengine hurithi mafuta mengi kwenye damu. Yeye na wenzake waliipambanua apoE, protini yenye vipande 299 vya asidi amino, wakaeleza kuwa aina zake tatu, E2, E3 na E4, hutofautiana mahali pawili tu: nafasi ya 112 na ya 158. Hebu fikiria, herufi mbili katika neno la herufi 299, na maana ya neno inabadilika.

Mwaka 1988 aliandika mapitio makubwa kwenye jarida la Science akisema kazi ya apoE haiishii kwenye kolesteroli ya damu; ina sehemu yake hata kwenye mishipa ya fahamu inapojeruhiwa na kujikarabati. Tazama tarehe. Hiyo ni miaka mitano kabla ya ule ugunduzi wa Duke. Ndiyo maana 1994 kundi la Gladstone liliweza kuchapisha haraka kazi inayoonyesha kwamba seli za neva hukua tofauti zikiwa na E3 na zikiwa na E4: vifaa, wanyama na ujuzi vilikuwepo tayari. Kufika 2006 yeye na wenzake waliandika wazi kwamba wanaiona E4 kuwa mojawapo ya visababishi vya uharibifu wa ubongo na mahali pa kulenga dawa. Katikati ya hayo aliongoza utafiti mkubwa wa moyo nchini Uturuki, uliogundua kwamba Waturuki wengi wana kiwango kidogo cha ile kolesteroli njema.

Ukisoma orodha kama hiyo kwa kufuata miaka, kuanzia chini kwenda juu, unaona swali moja likikua. Hilo ndilo ninalolitafuta mimi kwenye machapisho ya mtu yeyote. Watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo. Kwenye utafiti wa ubongo mtu wa namna hiyo hafiki mbali, maana ugonjwa wenyewe huchukua miaka ishirini kujijenga.

Makala 300 ni nyingi? Inatosha kuonyesha kuwa ni bingwa?

Ni nyingi, na haitoshi. Ile taarifa ya Alzheimer ya 1907 ilikuwa kurasa chache tu, na kule Tübingen hakuna aliyeona haja ya kuijadili. Wingi hauna uhusiano wa moja kwa moja na uzito.

Kabla ya kuhesabu, angalia jina lake limekaa wapi. Kwenye makala za tiba, anayetajwa wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa ya mikono na kuandika. Anayetajwa mwisho ndiye kiongozi wa maabara au mradi. Waliopo katikati wanaweza kuwa wamefanya kazi ya maana sana, au wametoa sampuli tu. Kijana wa miaka thelathini anatakiwa awe na majina ya mwanzo. Profesa wa miaka sitini atakuwa na ya mwisho, kwa kuwa anafundisha wengine. Kwa hiyo ukimwona mtu ana makala 300 na katika 280 yuko katikati, muulize alifanya nini.

Kuna pia kipimo kiitwacho indeksi ya h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 40, maana yake una makala 40 ambazo kila moja imerejelewa na wengine mara 40 au zaidi. Kinasaidia kidogo. Lakini hakitofautishi aliyerejelewa kwa kusifiwa na aliyerejelewa kwa kukosolewa, na humpunja yeyote anayefanyia kazi magonjwa ambayo wachache wanayaandika, wakiwemo watafiti wetu wa hapa.

Makala zote zina nguvu sawa?

La hasha. Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika bila mtu kusema uongo.

Chukua dawa za kushusha kolesteroli, zile za jamii ya statini. Zilipofuatiliwa hospitali, watumiaji wake walionekana kupata usahaulifu kwa uchache. Makala zikaandikwa, matumaini yakapanda. Lakini anayemeza kidonge kila siku kwa miaka kwa kawaida ni mtu anayejitunza na kwenda kliniki, na akili yake bado inamkumbusha kumeza. Je, ni dawa iliyomlinda, au ni hali yake? Ili kujua, lazima watu wagawanywe kwa bahati nasibu: hawa dawa, hawa kidonge kisicho na dawa, na hakuna anayejua kapata kipi. Majaribio mawili ya namna hiyo yalichapishwa 2002. Moja la Uingereza lilikuwa na watu 20,536. Jingine, la wazee wa miaka 70 hadi 82, lilikuwa na watu 5,804. Yote mawili yalionyesha statini zinaokoa moyo. Kwa upande wa akili, hayakuona tofauti.

Kwa presha habari ni tofauti kidogo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusu watu 9,361. Nusu walishushwa namba ya juu ya presha mpaka chini ya 120, nusu chini ya 140. Walioshushwa zaidi walipata kwa uchache ule udhaifu wa kumbukumbu wa mwanzo. Kwa dimenshia kamili, yaani kusahau kulikofika mahali pa kumzuia mtu kujimudu, dalili zilielekea upande huohuo, lakini tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha. Mtafiti mkweli ataandika sentensi zote mbili. Ukikuta wasifu unaotaja ile ya kwanza na kuiacha ya pili, jua kuna aliyekata kitambaa kwa makusudi.

Majaribio ya panya je? Yanafungua mlango tu. Panya hapati Alzheimer kwa asili. Anatengenezewa jeni ili ubongo wake ufanane kidogo na wetu.

Nimeona makala imewekewa alama kuwa imefutwa. Mwandishi ni mwongo?

Si lazima. Makala hufutwa kwa udanganyifu, na hufutwa pia kwa kosa la kweli ambalo mwandishi mwenyewe kaligundua na kulitangaza. Huyu wa pili mimi humheshimu zaidi ya yule ambaye hajawahi kusahihisha kitu. Soma tangazo la kufutwa. Halilipiwi na mara nyingi ni aya moja.

Lakini yapo ya kusikitisha, na yamegusa magonjwa yote mawili tunayoyazungumza. Upande wa moyo, Oktoba 2018, Chuo cha Tiba cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's waliyaomba majarida yafute makala 31 kutoka maabara moja iliyodai kuwa moyo wa mtu mzima una seli shina za kuufanya uote upya. Wagonjwa walikuwa wameshaingizwa kwenye majaribio kwa msingi wa dai hilo. Upande wa ubongo, makala ya 2006 katika jarida la Nature, kuhusu kipande cha protini kilichosemwa kuwapotezea panya kumbukumbu, ilirejelewa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kufutwa 2024 kwa sababu picha zake zilikuwa zimechezewa. Miaka 18! Hesabu fedha na vijana waliotumia ujana wao kuifuata njia hiyo. Nililia niliposoma, kwa sababu mama yangu aliugua ndani ya miaka hiyohiyo.

Kwa hiyo ukiitazama orodha ya mtu, usiishie kwenye kichwa cha makala. Ifungue uone kama ina alama ya kufutwa au ya tahadhari.

Haya yote ni ya Wazungu. Sisi yanatuhusu?

Swali hili huulizwa zaidi na wazee kwenye baraza za kahawa, na ni swali la kisayansi kabisa. Jibu ni kwamba sehemu yanatuhusu, sehemu hayajapimwa kwetu vya kutosha.

Ibadan, Nigeria, wazee wa Kiyoruba walifuatiliwa pamoja na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, kwa vipimo vilivyolinganishwa. Matokeo ya 2001 yalionyesha kila mwaka Alzheimer iliwapata asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan, na asilimia 2.52 ya wale wa Indianapolis. Tena ile E4, iliyoonekana kuwa na nguvu sana kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa Wayoruba haikuonyesha uhusiano wa wazi katika kazi zao za mwanzo. Ndipo unapoona kwamba orodha ya machapisho ya San Francisco, hata iwe nzuri namna gani, haijibu kila kitu cha Pongwe au Maramba.

Na kwetu Tanzania? Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa hapa na wa Uingereza waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Walikuta dimenshia kwa asilimia 6.4, baada ya kusawazisha umri. Kundi hilohilo lilipima presha za wazee wa Hai likakuta karibu 7 kati ya 10 wana presha ya juu, wengi hawajui. Kabla yake, mradi wa kiharusi uliohusisha Hai na Dar es Salaam, uliochapishwa 2010, ulionyesha kiharusi ni kingi zaidi mjini. Zipange makala hizo kwa miaka: kiharusi, presha, dimenshia. Ni njia ileile ya mishipa kuelekea ubongoni, safari hii imetembewa kwenye vijiji vyenye migomba. Natamani sana siku moja ifike Handeni na Lushoto.

Uwezo tunao. Chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 ilijaribiwa kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Akina mama wa Korogwe walileta watoto wao, wakasaini fomu, wakarudi tarehe waliyopangiwa. Wapo wanaojua maana ya kundi la ulinganisho kuliko wanafunzi wa chuo. Mkoa uliofanya hivyo kwa malaria hauwezi kushindwa kufuatilia wazee wake.

Nitaionaje orodha ya mtafiti nikiwa na simu tu?

Ingia PubMed. Ni tovuti ya kutafutia makala za tiba, ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na ni bure. Andika jina la ukoo kisha herufi ya kwanza ya jina. Angalizo: majina hufanana. Juma wako wa moyo anaweza kuchanganywa na Juma wa mifugo, kwa hiyo linganisha na taasisi yake, au tumia namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo mtafiti hujisajili ili kazi zake zisichanganywe na za mwingine.

Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, utaisoma bure. Makala nzima wakati mwingine hulipiwa, lakini vyuo na taasisi za Tanzania hupata majarida mengi kupitia mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani 2002. Ukiwa na ndugu mwanafunzi wa tiba au mfanyakazi wa taasisi ya utafiti, mwombe kwa adabu. Na usiogope kumwandikia mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake huwa kwenye makala, na wengi hufurahi kuulizwa.

Jarida lenyewe nitalijuaje kama ni la kweli?

Liko PubMed? Wahariri wake wanajulikana walipo? Liliipitia makala kwa miezi au kwa siku tatu? Kulipisha mwandishi peke yake si kosa. Majarida mengi mazuri hulipisha ili msomaji asome bure. Kosa ni kulipisha bila kupitisha kazi kwa wataalamu wenzake.

Muuzaji wa dawa ya kumbukumbu alinionyesha makala. Nimuulize nini?

Muulize kama dawa iliyo kwenye chupa ndiyo iliyotajwa ndani ya makala, kwa dozi ileile. Kwetu alikuja mtu na kinywaji, akamwonyesha kaka yangu picha ya profesa na idadi ya makala zake. Makala zilikuwa za kweli. Profesa alikuwa wa kweli. Kinywaji hakikutajwa hata kwenye moja. Kaka alikuwa ameshauza mbuzi wawili.

Kisha pima ahadi yake na ya wale waliofika mbali kuliko wote. Lekanemabu, dawa iliyopata kibali kamili Marekani Julai 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Wote walikuwa katika hatua za mwanzo. Waliopewa dawa walizidi kuzorota, ila polepole zaidi. Tofauti ilikuwa pointi 0.45 kwenye kipimo cha pointi 18. Katika jaribio hilo ilitolewa kwa dripu, na huweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, hatari iliyo kubwa zaidi kwa wenye nakala mbili za E4. Hayo ndiyo mafanikio ya maabara tajiri kuliko zote baada ya miongo ya kazi. Anayekwambia kinywaji chake kinarudisha kumbukumbu kwa wiki tatu, mwache aende.

Mama mkwe anasahau. Nianze kusoma makala au nimpeleke hospitali?

Mpeleke. Usahaulifu mwingine si Alzheimer: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito, maambukizi, au dawa zinazogombana. Hiyo hutibika. Apimwe presha na sukari, apimwe masikio na macho. Kamisheni ya jarida la Lancet, mwaka 2024, ilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia ambayo yanaweza kurekebishwa, na kukadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana nayo. Presha, kisukari, sigara, kolesteroli mbaya, usikivu na uoni visivyotibiwa vyote vimo. Usimwambie mtu mzima kwamba amerudi utotoni. Anasikia.

Naweza kukuletea makala tuisome pamoja?

Karibu. Njoo baada ya alasiri, na aliyeandikiwa Kiingereza kigumu asione haya, kwa kuwa hata mimi kuna sentensi huzisoma mara nne. Lete makala nzima, si picha ya ukurasa wa kwanza. Na kama mgonjwa ni mzazi wako, lete pia kadi yake ya kliniki tuone presha ilipimwa mara ya mwisho lini.